Kyungu Alifika, Kabange Akapotea Njiani

Tangu nirudi Kamina sijamaliza kikombe kimoja cha chai kikiwa cha moto. Nikikaa kwa fundi wa baiskeli, mmoja ananiuliza habari za yule mama. Nikienda kisimani, mwingine anataka kujua kama ni kweli mtoto aligeuka ndagala, wale dagaa wakavu. Kila mtu ameshika kipande, na vipande vyenyewe havifanani. Basi nakaa niwaandikie yote kwa mkupuo mmoja. Mwandiko mtauvumilia; shule niliiacha kabla haijanizoea. Habari za ruhusa na mihuri naziruka. Naanzia pale miguu ilipoanza.

KUTOKA KAMINA: MIKONO MITUPU

Mnanijua, mimi si mtu wa rozari sana. Nilikuwa nimetoka kuvunja mawe kule wanakojenga uwanja wa ndege wa wanajeshi, viganja vinawaka moto, nikasikia kwamba Wakristo wa parokia watakwenda kwa miguu hadi pango la Bikira Maria, kwenye misheni iliyo ng'ambo ya mto Lovoi, wafike kwa sikukuu ya katikati ya Agosti. Njia ile sikuwahi kuipita. Kwangu hiyo peke yake ilikuwa sababu.

Lakini kilichonikosesha usingizi kwa furaha ni jambo jingine: mizigo yetu ingetangulia. Wewe unatembea, na furushi lako linakwenda kwa baiskeli, jioni unalikuta linakungoja. Baba yangu alibeba mizigo ya watu wengine maisha yake yote, mpaka nywele za utosini zikakataa kuota. Mimi mwanawe nitembee mikono mitupu, nikipunga tu hewa. Nilitaka nione mwili unajisikiaje.

Mwenye kazi hiyo ni Papa Mukendi, mtu wa Kasai, ambaye zamani alibeba masanduku ya abiria pale stesheni mpaka mgongo ukamwambia basi. Sasa ana baiskeli mbili imara na mtu wake mmoja wa kusaidiana naye, Kalala. Mukendi haandiki majina kwenye mizigo. Anasema umande wa alfajiri unafuta wino, na nusu ya wenye mizigo hawasomi. Unamletea furushi, unataja jina, yeye analirudia kwa sauti huku akilipiga furushi kofi, kama anayemwamsha mtu. Jioni anaita, unajibu, unachukua.

"Kichwa yangu njo stesheni," alituambia pale mbele ya kanisa, yaani kichwa chake ndicho stesheni yenyewe. "Kila kitu inafika."

Kofi la Ilunga, kofi la Mwamba, kofi la Banza, ndiye mimi. Kisha akaja mama mmoja mnene kidogo, mchangamfu, ambaye mtaani kwetu tunamwita Mama Mapasa kwa sababu alizaa mapacha. Alikuwa na vifurushi viwili vidogo, vya kitambaa kilekile cha buluu, fundo lilelile, ukubwa uleule.

"Jina?" aliuliza Mukendi.

"Hii njo Kyungu. Hii njo Kabange."

"Mama, minyi nauliza jina ya mwenye muzigo, hapana ya muzigo."

"Benyewe njo hawa. Minyi niko mama yabo tu."

Watu wakacheka. Kwa wageni wa huku nieleze: kwetu Waluba, pacha wa kwanza kuzaliwa ni Kyungu, wa pili ni Kabange, hata wazazi wasitafute jina jingine. Na ukiwa na mapacha, unachompa mmoja unampa na mwenzake, palepale, bila kungoja. Usipofanya hivyo, aliyenyimwa anaona wivu, na wivu wa pacha unaleta ugonjwa. Watoto wa Mama Mapasa walikuwa wamebaki kwa bibi yao, pale Kamina. Miezi iliyopita Kyungu aliugua surua mpaka wakaandaa sanda. Mama akaweka nadhiri: mtoto akipona, nguo za ubatizo za wote wawili zitakwenda pangoni kwa Bikira Maria, kwa miguu yake mwenyewe. Kyungu alipona. Sasa nadhiri ilikuwa njiani, katika vifurushi viwili.

"Kwetu Kasai iko Mbuyi na Kabanga," alisema Mukendi.

"Kwenu munaharibu majina ya batoto ya bantu," alijibu mama. "Weka kinga moja, mumoja kushoto, mumoja kuume. Usibatenge."

Mukendi akapiga kofi huku na huku, polepole safari hii, akavining'iniza pande mbili za kinga moja, yaani baiskeli. Tukaondoka tukiimba.

SIKU YA KWANZA: WATU WASIO NA MZIGO

Ndugu zangu, mikono mitupu ni kitu cha ajabu. Saa za kwanza sikujua niiweke wapi. Niliifunga mgongoni kama mkaguzi, nikaiacha ining'inie, nikaokota fimbo nisiyoihitaji. Ubaridi wa kiangazi ulikuwa bado umelala kwenye majani, na mbele yetu nyika iliyochomwa ilikuwa nyeusi, yenye vichuguu virefu kuliko nyumba. Kila mpindo wa njia niliukimbilia nione kuna nini nyuma yake. Padri wetu, Mzungu kijana mwenye viatu vipya, ambaye sisi wote tunamwita Mompere, akaniambia nipunguze mwendo, hija si mbio. Nikapunguza mpaka mpindo uliofuata.

Adhuhuri tuliingia kijiji kimoja tukakuta milango imefungwa na moto unatoa moshi peke yake. Hata mbwa walikuwa wameondoka. Tuliita, kimya. Mwishowe mzee mmoja alichungulia kutoka kwenye mihogo.

"Banawapeleka wapi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nani anatupeleka? Tunaenda kusali," nilimjibu.

"Bila mizigo? Na Muzungu nyuma yenu?"

Ndipo tukaelewa. Watu wengi barabarani, hawana hata chungu kichwani, Mzungu anafuata: kwao hao ni watu waliokamatwa kwenda kazini, na anayekaa karibu ataongezwa kwenye mstari. Mompere alipoelezwa aliona haya mpaka masikio yakawa mekundu. Tulimwita yule mzee aje amguse Mompere mkono, aone hakubeba kamba. Baada ya hapo kijiji kizima kilitoka, wakatupa viazi vitamu vya kuchoma na munkoyo wa baridi, togwa ya kwetu, na wanawake wakawa wanatucheka: watu wazima wanatembea nchi nzima na mizigo yao inapanda kinga.

Jioni tulifika mahali pa kulala. Mukendi alikuwa amepanga mizigo ukutani. Akaita, "Kyungu. Kabange," na Mama Mapasa akajibu mara mbili, kwa sauti mbili tofauti. Tulicheka tena. Kila kitu kilikuwa kimefika.

HADI NJIA PANDA: KABANGE WAWILI

Asubuhi tulipata mwenzetu mpya. Alikuwa mzee mwembamba aliyestaafu reli, ambako alikuwa akitia makaa kwenye tanuru la garimoshi. Vidole vyake bado ni vyeusi kwenye mikunjo. Hakuwa wa hija. Alikuwa anakwenda upande wa Kabongo kumwona kaka yake mgonjwa, na njia yetu na yake zilikuwa moja hadi njia panda, mwendo wa siku moja. Binti yake, aliyeolewa kijijini hapo, alikuwa amemfungia chakula na kumkabidhi Mukendi bila mzee kukiona. "Iko kitambaa ya buluu, tata," alimwambia tu. Buluu ile mnaijua. Mwaka huu duka la Mgiriki halikuwa na kitambaa kingine.

Jina la mzee lilikuwa Kabange.

Sasa angalieni jambo lilivyokwenda. Katikati ya njia gurudumu la baiskeli ya Kalala lilipasuka. Mukendi akabaki nalo alizibe, akamkabidhi Kalala baiskeli nzima, yenye mapacha, pamoja na majina ya kuita. Kalala alifika njia panda kwanza, pale penye kanisa dogo la nyasi, akaanza kuita. Mama Mapasa alikuwa kijitoni anaosha miguu.

"Kyungu." Kimya.

"Kabange."

"Njo minyi," alijibu mzee. Akapewa kifurushi cha buluu, akakiweka chini ya kichwa, akalala palepale bila kula. Uchovu wa mtu aliyeacha kazi ni mbaya kuliko wa mfanyakazi.

Giza lilikuwa linaingia Mukendi alipofika na mizigo iliyobaki, kifurushi kimoja cha buluu kati yake. Akamwona mama anapanda kutoka kijitoni, akakumbuka ana mtoto wa jina hilo. "Mama, Kabange yako iko huku." Mama akapokea, akamchukua na Kyungu kwa Kalala, akawalaza pamoja, akawafunika wote kwa khanga. Alfajiri aliniamsha kwa kiwiko.

"Banza. Nusa huyu mutoto."

Nikanusa. "Ananuka ndagala, mama."

Akafungua fundo. Ndani mlikuwa na dagaa wakavu, karanga za kukaanga, na kipande cha chumvi. Mama alitazama vitu hivyo kama anavyotazamwa mgeni aliyekaa kitandani mwako. Mzee Kabange alikuwa amekwisha kuondoka na jogoo wa kwanza, kwa barabara ya Kabongo. Njia yetu ilikwenda upande mwingine, na sikukuu ilikuwa kesho yake.

Mompere alijaribu kumtuliza. "Mama, Mungu anaangalia moyo. Nguo moja inatosha."

"Mompere, weye ulisha kuzala mapasa?"

Padri akainama kutazama viatu vyake.

"Nikipeleka ya Kyungu peke yake, Kabange atasema, mukubwa alipewa, minyi walinitupa. Nitarudi Kamina nikute njo yeye analala na surua. Minyi siendi." Akakaa chini katikati ya njia panda, kifurushi cha Kyungu mapajani. Hakulia. Alikaa tu kama anayengoja treni anayojua itachelewa.

Mukendi alikuwa amejishika kichwa, ile stesheni yake. Nami nilikuwa nimekwisha kukunja suruali, maana barabara ya Kabongo nayo sikuwahi kuipita.

"Papa Mukendi," nikasema, "toa kinga."

BARABARA YA KABONGO: KUMWULIZA MDOGO PEKE YAKE

Kalala aliondoka na mizigo na mahujaji. Mompere alikataa kumwacha mama. Alibaki naye, na malengelenge yake. Mimi na Mukendi tulichukua baiskeli moja, mmoja anakanyaga, mwingine amekalia chuma cha nyuma, tunabadilishana kwenye miinuko. Vumbi jekundu, upepo usoni, na mbele barabara imenyooka kama aliyeichora alikuwa na haraka. Nilikuwa karibu nisahau tulikokuwa tunakwenda.

Nyumba ya kwanza, mama anatwanga mihogo. "Jambo, mama. Ulimuona Kabange?"

Akasimamisha mchi, akanitazama, akaendelea kutwanga.

Mbele kidogo, mwanamume anatengeneza paa. "Baba, Kabange alipita hapa?" Akatupa mgongo.

Kijiji cha pili, wanaume wanne chini ya kibanda. Nikauliza kwa heshima zangu zote. Mmoja akatema mate pembeni, mwingine akaanza kuongea habari ya mbuzi.

"Hapa bantu beko viziwi?" alisema Mukendi.

Aliyetuokoa ni bibi mmoja aliyekuwa anaanika muhogo juani. Nilipomuuliza, aliweka mikono kiunoni.

"Na Kyungu?"

"Kyungu iko nyuma, kwenye njia panda."

"Basi juu ya nini unaita mudogo peke yake? Tangu asubui munapita munalalamika Kabange, Kabange. Munataka mukubwa wake asikie bibaya? Hakuna muntu atakujibu hivyo, mwanangu. Mama yako hakukufundisha?"

Mukendi akajipiga paji la uso. "Hata kwetu njo vile. Njaa imeniharibia kichwa."

Nikavua kofia, nikaanza upya. "Bibi, jambo. Kyungu na Kabange, uliwaona?"

"Kabange alipita hapa na muzigo ya buluu ku kichwa," alijibu palepale, usoni laini. "Anatembea polepole. Mutamukuta."

Toka hapo barabara nzima ilikuwa na mdomo. Kila tulipowataja wawili, watu walitoka kujibu, na shida ikawa nyingine: wenye mapacha walituletea wao tuwasalimu. Tulisalimu Kyungu wa kike na Kabange wa kiume, tukasalimu Kyungu mwenye ndevu ambaye Kabange wake yuko Malemba-Nkulu anavua samaki, na kila mahali tulipewa kitu, viwili viwili. Nilikula viazi vinne ambavyo sikuvitaka. Kukataa cha pili hakukuwezekana.

Jua lilikuwa limepita utosi tulipomwona. Alikuwa amekaa kwenye kivuli cha kichuguu, kifurushi kimefunguliwa magotini, na mkononi ameshika kanzu ndogo nyeupe, ya mtoto mchanga. Hakutusalimu.

"Ni nani alibatuma?" aliuliza. "Museme tu. Kyungu amekufa?"

Mimi kwa upumbavu wangu nikafurahi kwamba ameelewa haraka. "Hapana, tata, Kyungu iko muzima. Iko kwenye njia panda na mama yake."

Mzee alikunja ile kanzu. "Mama yetu alikufa zamani," alisema.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kaka mgonjwa aliyekuwa anakwenda kumwona alikuwa pacha wake. Yeye ni Kabange. Kaka yake ni Kyungu. Alikuwa amekaa kula, akafungua furushi alilofungiwa na binti yake, akakuta nguo ya mtoto, moja, haina mwenzake. Kwetu, pacha mmoja akifariki, kitu chake kinatengwa na cha mwenzake. Mzee alikuwa ameisoma nguo ile kama habari ya msiba, na nguvu za kuendelea zikamwisha. Tangu asubuhi alikuwa pale, anaogopa mbele na anaogopa nyuma.

Mukendi alimweleza yote, polepole, kofi kwa kofi: kitambaa, gurudumu, Kalala, mto. Mzee alisikiliza.

"Ni hadithi nzuri," alisema. "Bantu wakikuficha kilio, wanaleta hadithi nzuri. Minyi nitaamini nikiona ile ingine na macho."

KURUDI NJIA PANDA: MZIGO WENYE KABANGE WAWILI

Kwa hiyo tulimpandisha kwenye baiskeli, nguo kifuani mwake, mimi nasukuma kushoto, Mukendi kulia. Tulipopita kwa yule bibi wa muhogo aliuliza kama huyo ndiye Kabange. Nikamwambia ni Kabange wawili, na Kyungu wawili wanangoja. Akasema hapo sasa naongea kama mtu.

Njia panda tulimkuta Mama Mapasa palepale. Kando yake Mompere alikuwa na karanga mkononi na mkia wa dagaa mdomoni.

"Munisamehe," alisema mama kwa mzee. "Mompere amekula Kabange."

Mzee hakumsikia. Alikuwa amepiga magoti mbele ya kifurushi cha Kyungu. Mama akakifungua bila kuulizwa: kanzu ndogo nyeupe, ukosi wenye uzi uleule. Mzee akaziweka mbili kando kwa kando, akalinganisha mikono na mikono. Kisha akacheka, kicheko kikavu cha mtu aliyemeza moshi miaka mingi, na machozi yakapita katikati.

"Beko wawili," alisema.

"Njo wawili tu," alisema mama. "Tangu tumboni."

Tulikula dagaa waliobaki, mzee akapumzika, halafu akachukua barabara yake akitembea kama mtu mwingine. Mukendi alitaka kuning'iniza vifurushi kwenye baiskeli, kushoto na kulia. Mama alimtazama tu. Akavishika mwenyewe, kimoja kila mkono, akaanza kutembea. Basi hivyo ndivyo tulivyokwenda: baiskeli tupu, wanaume mikono mitupu, na mama aliyebeba watu wawili.

PANGONI

Tulilala njiani kidogo tu, tukavuka Lovoi kwa mtumbwi alfajiri, ukungu umekaa juu ya maji, na mama hakuachia mkono hata mtumbwi ulipoyumba. Mwenye mtumbwi alimwambia ashike ukingo. Alisema hana mkono wa kushika.

Nyimbo tulizisikia kabla ya kuliona pango. Watu ni wengi kuliko nilivyowahi kuona bila soko. Mompere alikimbia kuvaa, viatu mkononi. Wakati wa kutoa sadaka ulipofika, wenzetu walikwenda na mishumaa, unga na kuku, na mwishowe akaja Mama Mapasa.

Mompere alinyosha mkono apokee kifurushi cha kwanza. Mama hakukitoa. Watu nyuma wakaanza kunong'ona, foleni imesimama. Mompere alimtazama, na niliona usoni mwake ile njia panda ikirudi. Akampa katekista kikombe alichokuwa ameshika, akanyosha mikono yote miwili. Mama akaachia vyote, kwa pamoja, wala kimoja hakikutangulia.

Halafu akashusha mikono yake, akaitazama, kama mimi siku ile ya kwanza, asijue aiweke wapi.

NYUMBA YA MWISHO

Wenzangu walirudi Kamina na Mukendi, ambaye sasa anauliza kila mwenye mzigo kama ana pacha. Mimi mnanijua. Nilisema nitazunguka kwa upande wa Kabongo, kwa udadisi tu. Mama aliposikia akaniletea kifurushi cha buluu: mishumaa miwili iliyowashwa pangoni na kuzimwa ikiwa na urefu mmoja. "Peleka kwa yule tata na ndugu yake. Na usiipange yote mukono mumoja."

Kwa hiyo baada ya kutembea mikono mitupu, nilimaliza safari nikiwa mchukuzi. Niliuliza njia kwa majina ya wote wawili, nikaelekezwa bila shida.

Nyumba ilikuwa ya mwisho kijijini. Mlangoni walikaa wazee wawili kwenye mkeka, mmoja amefunikwa blanketi mpaka kidevuni, amekonda, lakini anamenya karanga. Uso ni uleule mara mbili. Nilifurahi mpaka ulimi ukanitangulia.

"Jambo, Kabange."

Hakuna aliyejibu. Yule wa blanketi aliendelea kumenya. Yule mwingine alinitazama kwa huruma, akangoja.

Nikarudi nyuma hatua chache, nikafungua kitambaa, nikashika mshumaa mmoja kila mkono, nikaja upya.

"Kyungu na Kabange, jambo yenu."

Wakaitikia pamoja, kwa sauti moja, na mikono miwili ikanyoshwa kwangu kwa wakati mmoja.